"Subjonctif passé" haifundishwi kwa kuimba jedwali

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuwafikie walimu wenzetu wa Kifaransa wa Dodoma na mikoa jirani. Hoja yetu ni "subjonctif passé", umbo la kitenzi cha Kifaransa la jambo lililotimia, linalofuata maneno ya ulazima, shaka au hisia, nalo linawatisha wanafunzi kupita kiasi. Mara nyingi mwalimu anaandika nafsi sita ubaoni, darasa linaimba, kisha linafuata zoezi la kuweka "parler" (kusema) katika nafsi zote. Mwanafunzi anapata zote. Mwambie atunge sentensi moja, anakwama.

Kuliunda ni kazi ndogo. Chukua kitenzi kisaidizi, "avoir" (kuwa na) au "être" (kuwa), kikiwa katika "subjonctif présent", yaani umbo la wakati uliopo, kisha ongeza "participe passé" ya kitenzi chenyewe, kama "fini" ya "finir" (kumaliza). Kwa "avoir": que j'aie, que tu aies, qu'il ait, que nous ayons, que vous ayez, qu'ils aient. Kwa "être": que je sois, que tu sois, qu'il soit, que nous soyons, que vous soyez, qu'ils soient. Maumbo haya 12 yanahudumia vitenzi vyote vya Kifaransa. Wengi huandika "ayions" na "soyions" kwa kuwa wamezoea "que nous payions" (tulipe). Hapa hiyo "i" haipo, na waambiwe siku ya kwanza.

Kinachopotosha zaidi ni neno "passé". Umbo hili halidai kwamba jambo lilitokea jana. Linadai kwamba jambo liwe limetimia kabla ya lile la kitenzi kikuu, kinachotangulia "que", au kabla ya muda uliotajwa, hata kama muda huo bado uko mbele. "Il faut que tu aies fini avant vendredi": Ijumaa haijafika. Kiswahili kina muundo huohuo: "Lazima uwe umemaliza kabla ya Ijumaa." Mtoto wa Bahi au Mpwapwa anausema nyumbani bila kufundishwa, na sisi tunaingia darasani kana kwamba hajawahi kuusikia. Tuanzie hapo. Akielewa "uwe umemaliza", hataandika "Je voulais qu'il soit venu" pale anapotaka kusema "nilitaka aje". Kuja hakukutangulia kutaka, kwa hiyo ni "Je voulais qu'il vienne", ingawa kitenzi kikuu kiko katika wakati uliopita.

Hata hivyo, kuna mahali Kiswahili hakitusaidii. Tunasema "nimefurahi kwamba mmefika" bila kubadili hali ya kitenzi, lakini Kifaransa kinataka "je suis content que vous soyez arrivés". Mwanafunzi afundishwe kutazama kinachotangulia "que": furaha, majuto, shaka, ulazima, uwezekano, au kiunganishi kama "bien que" (ingawa). Hapohapo apewe vile vinavyodanganya. "Espérer que" (kutumaini kwamba) na "après que" (baada ya) havitaki "subjonctif". Na mtendaji akiwa mmoja pande zote mbili, sentensi huenda kwenye "infinitif", umbo lisilo na nafsi: "je regrette d'avoir manqué le car" (najuta kulikosa basi), wala si "que j'aie manqué".

"Avant que" (kabla) ina mtego wake. Kwa kuwa tunasema "kabla basi halijaondoka", kwa ukanushi, wanafunzi huandika "avant que le car ne soit pas parti". Sahihi ni "avant que le car ne soit parti". Hiyo "ne" haikanushi kitu na hata ikiondolewa maana haibadiliki. Ni "pas" inayoharibu.

Upande wa tahajia, sikio halisaidii. "Aie", "aies", "ait" na "aient" hutamkwa sawa, na "j'ai" iko karibu sana nazo. Ndiyo maana "bien que j'ai fini" imejaa kwenye madaftari. Dawa yake ni kubadili nafsi: weka "nous". Ukisikia "bien que nous ayons fini", basi kwa "je" andika "aie". Zoezi hili huchukua sekunde chache, na mtahiniwa anaweza kulifanya kimyakimya ndani ya chumba cha mtihani.

Kuchagua msaidizi nako kunahitaji mifano ya jozi, kwa sababu orodha ya vitenzi vya "être" peke yake haitoshi. "Je doute qu'ils soient descendus à Manyoni": wameshuka wenyewe. "Je doute qu'ils aient descendu les sacs": wameshusha magunia. Kitenzi ni kilekile, lakini kikipata yambwa kinahamia "avoir".

Upatanisho unafuata hapo. Kwa "être", "participe" hufuata kiima: "qu'elle soit partie". Kwa "avoir" hufuata yambwa iliyotangulia tu. Kwa sisi wa mkoa wa zabibu, mfano upo shambani: "ce sont les meilleurs raisins que nous ayons récoltés". Ile "s" ya mwisho ni ya "raisins", haihusiani na "nous". Mwanafunzi akitaka kuusikia upatanisho, mpe "la plus belle lettre que tu aies écrite", ambapo "t" inatamkwa.

Ombi letu kwa wanaotunga mitihani ya majaribio: acheni kuwadai wanafunzi wa sekondari waandike "que je parlasse" ("subjonctif imparfait") na "que j'eusse parlé" ("subjonctif plus-que-parfait") katika nafsi zote. Ni maumbo ya maandishi ya kifasihi. Tangu mwaka 1901 serikali ya Ufaransa yenyewe iliruhusu watahiniwa, baada ya kitenzi kikuu cha masharti, waandike "subjonctif présent" badala ya "imparfait". Inatosha mwanafunzi ayatambue maumbo hayo anaposoma.

Na swali la "subjonctif passé" lisahihishwe kwa vipande. Kwa sentensi moja toeni alama moja kwa kuchagua "subjonctif" mahali panapoistahili, moja kwa msaidizi katika nafsi sahihi, moja kwa "participe" na upatanisho wake. Aliyeandika "bien qu'elle soit parti" amekosa herufi moja, naye leo anapewa sifuri sawa na aliyeandika "bien qu'elle a parti".

Walimu wa Kifaransa,
Dodoma