Barua kwa mwanangu anayekabidhiwa trela

Tororo, Jumapili jioni

Mwanangu Musa,

Assalaam aleikum. Nimesikia tajiri wako anakukabidhi trela Jumatano, unapakia saruji hapa Tororo kwenda kuishusha Juba. Nimesikia kwa dada yako, si kwako. Haya, hilo tuliache.

Tangu hapo usingizi umenikimbia. Nakumbuka ile ajali ya Kiryandongo, barabara ya Kampala kwenda Gulu, Oktoba 2025: usiku wa manane, mabasi mawili, kila moja linataka kulipita gari la mbele yake, yakakutana uso kwa uso. Watu zaidi ya 40 wakaenda. Utaniambia hiyo si njia yako, wewe unapitia Mbale, Soroti, Lira, unatokea Kamdini. Najua. Mpaka Lira hiyo ndiyo njia ya reli ya baba yako alipokuwa gadi wa treni, ila yeye alikuwa anaishia Pakwach na wewe unashika ya Elegu, mpakani. Giza la Lira halina tofauti na giza la Kiryandongo.

Usiendeshe usiku, Musa.

Baba yako alivyokuwa akituhesabu kabla ya kulala, unakumbuka mwenyewe, sirudii. Ila sidhani kama aliwahi kukueleza ile hesabu ilitoka wapi. Gadi anakaa mwisho wa treni, na nyuma yake kuna taa nyekundu. Stesheni masta haangalii kichwa cha treni, anangoja ile taa ya mkiani ipite. Akiiona, anajua treni imefika nzima, hakuna behewa lililokatika likabaki njiani. Asipoiona, hakuna treni nyingine inayoruhusiwa kuingia, kwa sababu reli ni moja, wa kwenda na wa kurudi wote wanapita hapo hapo. Kwa hiyo kama mmoja wenu hajaitika, mlango haukufungwa. Na wewe ndiye uliyekuwa unajifanya umelala ili umchokoze.

Mwaka 1997 treni za abiria ziliposimamishwa, akabaki bila kazi, akaanza kubeba watu kwa baiskeli mpaka Malaba. Uliona haya ukikutana naye njiani na wenzako. Sikulaumu, ulikuwa mtoto. Lakini karo ya muhula ule ilitoka kwenye ile baiskeli, na hata kwenye baiskeli, magharibi ikiingia alikuwa anageuza kurudi nyumbani. Abiria aongeze pesa, asiongeze, anageuza.

Kuna jambo jingine. Wewe ulikuwa bado mgongoni. Alikuwa ametoka kazini usiku wa pili mfululizo, hajavua hata viatu, kijana wa stesheni akaja kugonga: kuna treni ya mizigo inakwenda Soroti, gadi wake anaumwa. Baba yako akasema, mimi nimechoka, nikisinzia kule nyuma nitaua watu. Akakataa. Mwezi ule walimkata mshahara, sukari tukakopa. Wanawake wa laini nzima ya nyumba zetu walisikia niliyomwambia siku ile, maneno ambayo mke hamwambii mume. Yeye akalala. Alipoamka akaomba chai, nikampa bila sukari, akanywa. Hatukulizungumza tena, na sasa hayupo wa kuzungumza naye.

Ndiyo maana tajiri akikupigia simu saa nne usiku kwamba mzigo unangojwa Elegu, mwache agombe. Mimi nilishagomba.

Na mairungi, hiyo miraa, sitaki. Usiniambie kila dereva anatafuna. Yanakufumbua macho lakini mwili umeshalala, halafu yakiisha nguvu unaanguka kama gunia. Taniboi wako, utingo, naye mlishe. Baba yako hakuwahi kula peke yake kazini, na kijana mwenye njaa hakuamshi ukisinzia.

Nafurahi, usidhani sifurahi. Mtoto wa gadi kupewa trela zima! Nimeshawaambia wa sokoni, na wa msikitini pia, labda mara mbili.

Hapa tuko salama. Ile mbuzi yenye doa imezaa, dume moja, jike moja. Mabati ya jikoni yameng'oka upande unaotazama Mwamba wa Tororo, nimeyawekea mawe juu kabla mvua hazijaanza. Umeme wa Yaka, huu wa kulipia kabla, uliisha juzi na dada yako anasema ni zamu yako kulipa, msinigombanishe. Taa ya baba yako iko juu ya kabati, kioo chekundu kimepata ufa, sijui ni watoto gani. Uliiomba siku ile nikakunyima. Pita Jumatano asubuhi uichukue, na unywe chai kwanza.

Machungwa ya Soroti usiyanunue ukienda, yataoza. Nunua ukirudi.

Ukifika Soroti nipigie, saa yoyote. Ila ikiwa ni usiku nitakuuliza bado unafanya nini barabarani.

Mama yako