Baba yako na mtoto wa 12

Mwanangu,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa mama yake yule mwenzako wa bwenini. Hatujambo. Bibi miguu inamsumbua lakini chakula anakula, na anakusalimu.

Unasema mwalimu kawatuma muandike kazi za wazazi wenu, ukaandika baba yako marehemu alikuwa "mtu wa kompyuta", wenzako wakakuuliza alikuwa anaziuza au anazitengeneza, ukakosa la kujibu. Usijali. Hata bibi yako aliyemzaa hawezi kueleza mpaka leo. Kule Muheza aliwatangazia majirani kuwa mwanawe ni fundi wa kompyuta, basi kila baba yako akienda likizo anakuta redio mbovu na simu zilizoingia maji zimepangwa barazani zinamsubiri. Na alikuwa anazifungua. Nyingine zilipona.

Baba yako alikuwa anaandika programu, mama, yaani yale maelekezo yanayoiambia kompyuta ifanye nini. Nikueleze ile niliyoiona kwa macho yangu, maana ndiyo iliyotukutanisha.

Unajua kazi nilianzia zahanati, huku huku Pwani, kabla hujazaliwa. Kila zahanati ina vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya. Mgonjwa akija unamwandika jina, umri, kijiji, ugonjwa na dawa aliyopewa. Mwezi ukiisha mnakaa chini mnahesabu kwa vijiti: vinne vimesimama, cha tano kimelazwa juu yake. Malaria chini ya miaka mitano wangapi, kuhara wangapi, waliojifungua wangapi. Jumla mnaijaza kwenye fomu, fomu inapanda daladala kwenda wilayani. Zamani nyingi zilikuwa zikifika huko zinalala kabatini, na mtu wa wizarani akitaka kujua watoto wangapi wamechanjwa surua, surua yenyewe inaweza kuja na kuondoka hajapata jibu.

Ndipo ikaja programu ya kukusanya hesabu hizo kwa kompyuta, inaitwa DHIS2. Asili yake ni Afrika Kusini, baada ya utawala wa makaburu kuondoka mwaka 1994, walipotaka mfumo mmoja wa afya kwa watu wote. Walishirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oslo kule Norway, na hadi leo Oslo ndiyo inayoisimamia. Ni programu huria: msimbo wake uko wazi, anayetaka anausoma, anaurekebisha, anautumia bila kulipia leseni. Kwa nchi zetu hilo si jambo dogo. Kenya waliisambaza nchi nzima mwaka 2011, na sisi tukafuata. Baba yako alikuwa ametoka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na shahada yake, akaingia humo. Hakuibuni yeye, usije ukaandika hivyo ukamtia aibu kaburini. Alikuwa mmoja wa vijana walioifanya itufae sisi: kupanga fomu za kwenye skrini zifanane na zile za MTUHA, kuandika vijiprogramu vya ripoti kwa lugha ya Java, kuweka kanuni za kukamata makosa.

Kanuni hizo ndizo zilizonifikisha kwake. Niliitwa wilayani, fomu yetu ina kosa. Nikaenda na kitabu kwapani, hasira zimenijaa, kwa sababu mimi sijumlishi ovyo. Nikamkuta kijana mwembamba, shati limechomoka, modemu inaning'inia dirishani kwenye waya mrefu ili ishike mtandao. Akanigeuzia skrini. "Dada, mmeandika akina mama waliojifungua 11, watoto waliozaliwa hai 12. Mfumo unasema haiwezekani."

Nikamwambia, "Mwambie mfumo wako kuna pacha."

Alinitazama, halafu akacheka mpaka akavua miwani. Kanuni ile alikuwa ameiandika mwenyewe. Akaifungua pale pale nikiwa nimesimama, akaibadilisha ili mbele ya hesabu ya namna ile imuombe mtu ahakikishe, isimwambie amekosea. Alipomaliza akaniuliza, "Wanaendeleaje?" Nikamuuliza akina nani. "Hao pacha." Miaka yote ile nimepeleka fomu wilayani, sikuwahi kuulizwa na mtu mgonjwa wangu anaendeleaje. Nikamweleza kuwa mmoja alizaliwa na kilo 1.9, na mama yake tumemfundisha kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi. Wiki iliyofuata akatokea zahanati na bodaboda, eti amekuja kukagua vitabu. Vitabu alivikagua upesi sana. Nilijua aliyemfuata ni nani, lakini na yule mtoto wa 12 tulikwenda kumwona kweli, na baba yako akakaa ukumbini kwa watu mpaka akaletewa chai.

Ulipozaliwa wewe nilikuwa na zamu za usiku. Alikufunga mgongoni kwa kanga yangu, kompyuta kaipandisha juu ya kabati la vyombo afanye kazi amesimama, kwa kuwa akikaa tu unalia. Jirani alichungulia dirishani akamwuliza, "Baba, umeolewa?" Akajibu, "Nimeolewa, tena na wawili."

Ulipoanza kusimama ukawa unamgongea vitufe. Kuna siku ulimwandikia mstari mzima wa k na j katikati ya kazi yake. Hakuufuta. Aliweka mikwaju miwili, //, mbele yake, maana kwenye Java mstari ulioanza hivyo kompyuta inauruka, ni maelezo ya kusomwa na binadamu. Akaongeza jina lako na tarehe. Nikamwambia wenzako wakiuona je? Akasema, "Watajua sikuwa peke yangu."

Hakuwa malaika, na sitaki uandike kama vile alikuwa. Umeme wa LUKU alikuwa anasahau kununua. Narudi alfajiri nawakuta gizani, mwanga ni wa kompyuta, na wewe umekula uji wa baridi. Akishikwa na kosa kwenye programu humpati, hata ukimwita kwa jina la babu yake. Tuligombana sana kwa hilo.

Jambo alilokuwa mkali nalo kazini ni sifuri. Zahanati ikikosa mgonjwa wa kipindupindu mwezi mzima, wauguzi wengi tulikuwa tunaacha kisanduku wazi. Yeye anakirudisha. Anasema ukiandika sifuri wilayani wanajua umeangalia ukakosa. Ukiacha wazi hawajui kama hata uliangalia. Mpaka nyumbani akalileta. Pengine unakumbuka mlivyokuwa mnachezea daftari lile la jioni: maembe mangapi, hadithi ngapi, umelia mara ngapi. Ukinyamaza anakwambia, "Hujalia? Basi weka duara lako."

Ulikuwa darasa la kwanza figo zilipomshinda. Alikuwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, sindano mkono wa kushoto, anaandika kwa wa kulia, kompyuta juu ya mto. Manesi walimgombeza wakachoka. Maji alipimiwa, kwa hiyo alianza daftari lingine: uzito asubuhi, maji aliyokunywa, presha. Safu ya nne aliiandika "kucheza na mtoto", dakika. Nimeipitia baada ya kumzika. Kuna 40, kuna 15, kuna siku ya Idi ameandika 120 na mimi nakumbuka alilala palepale mkekani. Siku za kusafishwa damu, akirudi hajiwezi, ameandika 0. Hakuna kisanduku alichoacha wazi mpaka wiki ile aliyolazwa.

Daftari ninalo. Na kompyuta yake ipo. Baba yako mdogo alitaka tuiuze wakati wa shida, nikakataa, akaninunia kidogo, yameisha. Betri imekufa, lakini fundi mmoja wa Kariakoo amehamishia vyote kwenye diski mpya, na likizo ya Desemba utakaa nayo mwenyewe. Mimi Java siijui. Utautafuta ule mstari wako, na ukishaupata usome na mistari iliyo juu na chini yake, ndiyo kazi yake yenyewe.

Kwa mwalimu andika: alikuwa mtengenezaji wa programu za afya. Wakikuuliza zaidi wape habari ya pacha.

Siku ya wazazi nina zamu, nimeomba kubadilishana imeshindikana. Atakuja mama mdogo na sabuni, Blue Band, pedi na lile sweta la shule. Hela ya matumizi nimempa matroni, usimdai yote kwa mpigo. Na soksi zako usiazime watu tena, nimenunua pea ya mwisho.

Mama yako