Baba, nimepanda mlima wa watu

Rabat, 20 Oktoba

Shikamoo Baba. Natumaini hapo Marangu mu wazima na mgongo umetulia. Mimi namshukuru Mungu, ila mapaja yananiuma hadi ngazi za bweni nashuka kinyumenyume.

Juma lililopita nilipanda Toubkal, mlima mrefu kuliko yote hapa Moroko. Usicheke: kilele chake ni mita 4,167. Kibanda cha Kibo huko Kilimanjaro, ulikokuwa ukifikisha mizigo ya wageni, kiko mita 4,720. Yaani mwanao kalipa pesa afike chini ya pale ulipokuwa unalala.

Shughuli ilianzia Marrakech, kwenye usafiri. Kwenda Imlil, kijiji ambako safari ya miguu inaanzia, ni kilomita sitini na kitu, na watu hupanda teksi kubwa. Ni kama Noah zetu tu: haiondoki mpaka wapatikane abiria sita. Dereva alipotuona watatu na mabegi akataja dirhamu 400, gari zima. Nikamkumbuka Mama sokoni, nikageuka kama naondoka. Hakuniita! Tukangoja saa moja na nusu hadi ikajaa, kila mtu akatoa 50, mimi nikabanwa mbele na mzee aliyepakata mfuko wa mikate. Njiani kuta zilizoangushwa na tetemeko la Septemba 2023 bado zinaonekana.

Kuongozwa ni lazima, tangu watalii wawili walipouawa milimani huko Desemba 2018, na askari hukagua pasipoti. Mmoja alipoiona yangu akafurahi: "Kilimanjaro!" Akauliza nimeupanda mara ngapi. Nikamwambia Baba ameupanda hata hesabu imempotea. Sikusema uongo.

Sasa wagumu wa huku, yaani wapagazi, Baba, ni nyumbu. Si wale wa Serengeti. Hawa ni watoto wa punda na farasi. Wanabeba mabegi hadi kibanda cha mita 3,207, mwenyewe anafuata nyuma, mikono mfukoni, anapiga mluzi. Nilimtazama nikakuwaza wewe na kilo 20 za mtu mwingine kichwani, na zako mgongoni. Nilipokuwa mdogo nilidhani ule upara wa utosini ulizaliwa nao.

Tulianza kupanda saa kumi alfajiri, kurunzi kwenye paji la uso. Kokoto zinaserereka, ukipiga hatua zinakurudisha nusu yake. Kichwa kikaanza kugonga, nikafanya ulivyokuwa ukiwaambia wageni: pole pole, na maji. Kileleni kuna chuma cha pembetatu, watu wanapanga foleni kupiga picha. Nilikaa dakika kumi, baridi ikanifukuza.

Nikija Julai nataka twende wote, hata tuishie Mandara, kibanda cha kwanza. Magoti yataruhusu? Kaka aulize getini wenyeji wanalipa kiasi gani siku hizi. Na lile koti lako la mlimani asipewe mtu.

Msalimie sana Mama.

Mwanao