Jina la Warspite: barua kwa mwanangu aliye Mtongwe

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, na mama yako anakusalimu sana. Uliniuliza, wewe uliye kwenye kambi ya wanamaji hapo Mtongwe, Mombasa, kwa nini wanamaji huirithisha meli mpya jina la meli iliyokufa. Jibu lake ni refu kuliko simu.

Chukua Warspite, jina la meli kadhaa za kivita za Uingereza. Ya kwanza ilipigana Cadiz, Uhispania, mwaka 1596. Iliyoifuata ikapambana na Waholanzi, na nyingine ikawakabili Wafaransa Quiberon Bay, Ufaransa, mwaka 1759. Kwa wenzetu hao, heshima ya vita, yaani kutambuliwa rasmi kwamba meli ilishiriki vita fulani, hutolewa kwa jina, si kwa chombo chenyewe. Mbao zikioza au chuma kikiuzwa, heshima hubaki, zikaandikwa kwenye ubao ndani ya meli itakayoitwa hivyo tena. Kijana anayeripoti kazini siku ya kwanza huzikuta pale, zimepatikana na watu waliokufa karne nyingi kabla yake.

Jina hilo limekusanya heshima 25, na 15 kati yake zililetwa na meli moja, manowari iliyoshushwa majini Devonport mwaka 1913. Katika vita vya Jutland, Bahari ya Kaskazini, mwaka 1916, usukani wake ulikwama, ikazunguka duara huku Wajerumani wakiimiminia makombora. Merikebu ya Warrior, iliyokuwa taabani karibu yake, ikapata nafasi ya kuponyoka. Narvik, Norway, tarehe 13 Aprili 1940, ndege yake ndogo iliizamisha nyambizi ya Kijerumani, na mizinga yake pamoja na manowari ndogo ilizoongozana nazo zikawamaliza maadui waliojificha ndani ya mlango ule mwembamba wa bahari. Miezi mitatu baadaye iliipiga meli ya Kiitaliano kutoka umbali wa kilomita 24 hivi. Hebu fikiria, mlengaji na mlengwa wote wako mwendoni! Kisha vikaja vita vya Matapan, Salerno na Normandy.

Sasa sikiliza hili. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), kikosi cha Waingereza cha mashariki kilihamishia makao Kilindini, bandari ya Mombasa, na Admirali Somerville aliyekiongoza alipeperusha bendera yake juu ya Warspite hiyohiyo. Ndiyo maji unayoyatazama kila asubuhi. Lakini katika zile 15, bahari yetu haimo. Kulinda njia ya meli za Suez na India hakukuingia ubaoni, ingawa bila njia ile askari wa Uingereza waliokuwa wakipigana Misri wangekosa hata risasi. Mimi naiheshimu doria ile kama ninavyoiheshimu Narvik, na kazi yako wewe nyingi itakuwa ya namna hiyo.

Mwaka 1947 manowari hiyo ilipokuwa ikivutwa kwenda kukatwakatwa, dhoruba ilikata kamba, ikapanda mwambani Cornwall. Jina likaenda kwa nyambizi ya nyuklia, na sasa limeshatengewa nyambizi nyingine.

Ukishapangiwa chombo, niandikie kinaitwaje. Waulize wakubwa wako pia kama kabla yake kilikuwapo kingine chenye jina hilo, kilifanya nini, na nani aliyekitumikia angali hai wa kusimulia.

Baba yako