Mnaopangiwa Kigoma, msikimbilie kuomba uhamisho

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na watumishi wenzangu, hasa vijana wa Dar es Salaam ambao majina ya ajira yakitoka tu, kabla hata hawajaripoti, wanaanza kutafuta mtu wa kuwabadilishia kituo. Juzi mtoto wa kaka yangu, muuguzi, kanipigia simu sauti ikitetemeka. Kapangiwa Kigoma. Nikamuuliza tatizo ni nini. Akasema, "Baba mdogo, si unajua huko ni mwisho wa reli?"

Najua. Mimi niliomba mwenyewe kuja huku. Nilipojaza fomu ya uhamisho kutoka Temeke, kila aliyesikia aliniuliza nimemkosea nani. Hata mkubwa wangu wa kazi aliniita pembeni kuulizia kama nina ugomvi na mtu. Nikamjibu kwamba nafuata samaki, na pori la kuwindia likiwepo karibu, nashukuru. Wapo wanaoiona hiyo kuwa sababu nyepesi. Kwangu haikuwa nyepesi wakati ule, na leo si nyepesi.

Kuvua kwa mshipi nilifundishwa na mjomba pale Mjimwema, Kigamboni, nikiwa mtoto. Alinifundisha kufunga ndoano, kupima uzito wa chubwi kulingana na mkondo, na kutambua kwa kidole tu kama aliyegusa chambo ni changu au ni kidagaa anayedonoa. Nilipoanza kazi nikapanga Mbagala, na hapo ndipo uvuvi ulipoanza kunitoka. Jumamosi nzima ilikuwa inaishia barabarani na kwenye foleni ya pantoni. Ukifika, jua limeshapanda na maji yamekupwa. Ukibahatika kupata samaki wawili, ni wadogo wa kurudishwa baharini. Nilikuwa na mshahara, nina nyumba ya kupanga, lakini kitu nilichokipenda kuliko vyote baada ya familia yangu nilikuwa nakifanya mara chache mno kwa mwaka.

Hapa Kigoma kazi inaisha saa tisa na nusu alasiri. Saa kumi na moja niko majini, Ziwa Tanganyika. Jua linazama upande wa pili, nyuma ya milima ya Kongo, na maji ya ukingoni penye mawe ni maangavu kiasi kwamba unamwona samaki kabla hajala chambo. Mwanzoni hilo lilinisumbua, kwa sababu baharini nilizoea kumsikia kwa mshipi bila kumwona.

Samaki ninayempenda ni kuhe. Ni mkubwa, mwili mnene wenye rangi ya dhahabu na madoa meusi ubavuni, na katika jamii nzima ya kina sato hakuna anayemfikia kwa ukubwa hapa ziwani. Anafuata dagaa, kwa hiyo chambo chake ni dagaa mzima. Akishika havuti kwa kishindo kama kolekole wa baharini. Anazama taratibu, mzito, na ukimlegezea kidogo anaingia kwenye mawe na ndoano inabaki huko. Lakini kuna wakati kuhe havuliwi. Ukiona wawili wamesimama karibu na mchanga, hawaendi mbali, wanamfukuza kila anayesogea, na chini yao kuna kitu kama wingu la vidoti, hao ni mke na mume wanalinda watoto. Wakati huo hawana habari na chakula chao wenyewe, wanakonda. Mvuvi wa Katonga aliyenipeleka mara ya kwanza aligeuza mtumbwi palepale. Akaniambia, "Daktari, hao waache." Mimi si daktari, kazi yangu ni maabara, ila huku kila anayevaa koti jeupe ni daktari. Tangu siku hiyo na mimi nageuza.

Naeleza haya kwa sababu wageni wengi wakifika hulitazama ziwa hili wakadhani haliwezi kuisha. Lina urefu wa kilomita zaidi ya 670, kina chake kinafika mita 1,470, na nchi nne zinakula humo: sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Lakini samaki hawaishi kwenye kina hicho chote. Hewa ya oksijeni iko tabaka la juu tu. Ukipita mita 100 upande wa kaskazini, au 200 na kidogo upande wa kusini, chini yake hakuna samaki. Rutuba nayo imelala huko chini kwenye giza. Inayoipandisha ni pepo za kusi, zinazovuma kuanzia Mei mpaka karibu Septemba na kuyakoroga maji. Kusi ikivuma vizuri, vijidudu vya majini vinazaliana, dagaa wanavila, na migebuka wanawafuata dagaa. Wanasayansi wameshaonyesha kwamba maji ya juu yanavyozidi kupata joto, kukorogeka huko kunapungua. Kwa hiyo ziwa zima la dagaa na migebuka linategemea tabaka jembamba la juu na upepo wa miezi michache.

Ndiyo maana, Mhariri, naunga mkono kwa moyo wote utaratibu ulioanza mwaka 2024 wa kulipumzisha ziwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Nasema hivyo nikijua maumivu yake. Nawaona kina mama wa Kibirizi ambao maisha yao yote ni kununua dagaa alfajiri vinapoingia vipe (vyombo vya kuvulia dagaa), kuanika, na kuuza. Miezi hiyo chanja zinakuwa tupu, dagaa mkavu anapanda bei hata sisi tulio huku kwenye chimbuko lake tunapunguza kununua, na ada za shule hazisubiri. Wanastahili kusaidiwa mitaji midogo ya miezi mitatu, na isaidiwe kwa wakati, si ziwa likishafunguliwa. Lakini ziwa lilipofunguliwa nilisimama Kibirizi asubuhi na kuona migebuka iliyonenepa ambayo wazee walikuwa wanaisimulia tu. Mshipi wangu nao hukaa ukutani miezi hiyo. Mtumishi mwenye mshahara akiwa wa kwanza kutafuta njia ya kukwepa, mvuvi wa kipe tutamwambia nini?

Kwa mgeni anayekuja, ajue pia kuwa hata nje ya miezi hiyo dagaa wana kalenda yao. Wanavuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikomaa taa hazina kazi, kwa hiyo wavuvi hupumzika mpaka giza lirudi. Ukifika sokoni siku hizo ukakuta dagaa mbichi hakuna, usiseme Kigoma hakuna samaki. Nunua mkavu. Chagua aliyeanikwa kwenye chanja, si mchangani. Utamjua kwa kumtia mdomoni tu. Mkaange kidogo bila mafuta, umwoshe kwa maji ya moto, kisha umtie kwenye mawese yaliyokwisha chemka na kutoa harufu, kitunguu, nyanya, pilipili ya mbuzi nzima isiyopasuliwa. Ugali uwe wa muhogo. Mke wangu ni Mzaramo na alikuja huku akiapa kwamba mawese hatayaweza. Sasa wageni wakitoka Dar ndiye anayewafungashia galoni.

Sasa nije kwenye uwindaji, maana hapa ndipo vijana wengi wanapoharibikiwa. Ukanda wetu una pori kubwa. Bonde la Mto Malagarasi na Moyowosi ndilo eneo la kwanza la Tanzania kuandikishwa kwenye Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu, mwaka 2000, na ndege wa huko ni wengi kuliko ninavyoweza kueleza. Lakini pori kuwa karibu haina maana ni la kila mtu mwenye bunduki. Gombe na Mahale ni hifadhi za taifa. Huko mtu anakwenda kutazama sokwe, na Mahale hata maji yake yamehifadhiwa, kwani hifadhi ina ukanda wa ziwa wa kilomita 1.6 kutoka nchi kavu. Anayetaka kuwinda anakwenda maeneo yaliyoruhusiwa, msimu ukifunguliwa Julai, akiwa na kibali cha silaha kutoka Polisi na leseni ya uwindaji inayotaja mnyama gani na wangapi. Leseni haijatoka, bunduki haitoki.

Mimi nawinda kanga na kwale, kwa bunduki ya marisau, nikiongozana na mzee mmoja wa Uvinza ambaye alianza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Msimu unaangukia wakati ziwa limefungwa, kwa hiyo Jumamosi za Julai nashika njia ya Uvinza badala ya kwenda Katonga. Tunatoka nyasi zikiwa bado na umande. Kanga si ndege wa kuruka ovyo; akikusikia anakimbia kwa miguu, kundi zima, vichwa chini, na ukimfuata kwa papara utachoka kabla yake. Mzee huzunguka mbele taratibu, hasemi neno, mpaka kundi likate njia lenyewe na kuinuka. Anapiga mara moja, ndege mmoja. Ikifika jioni kanga wamepanda mtini kulala, wamejipanga kwenye tawi moja, mtu angeweza kuwamaliza, yeye anashusha bunduki. Nilipomuuliza akasema aliyelala hapigwi, na kesho tutakula nini. Kwenye maabara tuna kanuni zetu za ukutani, zimechapwa na kupigwa muhuri. Za mzee huyu hazijaandikwa popote, na sijamwona akizivunja.

Nyama ya porini ya kificho, ile inayoletwa usiku ikiwa imefunikwa kwa majani ya mgomba, usiiguse kijana. Tangu mwaka 2020 kuna kanuni za mabucha ya nyamapori. Nyama halali ina karatasi zake. Isiyo na karatasi imewapeleka watu jela miaka mingi, wakaacha ajira na watoto. Na pia hujui mnyama huyo alikufa kwa nini. Hilo nalisema kama mtu wa maabara.

Nikiwa bado hapohapo kwenye maabara, nisifiche jambo. Mkoa wetu ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, naiona kwenye darubini kila siku ya kazi. Chandarua si cha kuning'iniza kwa mapambo. Kichocho nacho kipo kwenye maji ya ukingoni yaliyotulia yenye majani na konokono. Ogelea penye mawe na maji yanayopiga, na ukipata dalili njoo upimwe, dawa ipo. Safari ya Dar kwa treni bado ni ya siku mbili kwa reli ya zamani, ambayo ilifika hapa mwaka 1914. Mkataba wa kipande cha reli mpya ya kisasa, SGR, kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa mwaka 2022, na siku kikikamilika habari ya umbali itakuwa nyingine. Kwa sasa, ukifiwa Dar unaweza kukosa mazishi. Mimi nimeshakosa, ya shangazi, na inaniuma mpaka leo. Mji mdogo una gharama, na hiyo ndiyo kubwa yake.

Lakini nimepata alasiri zangu. Mwanangu wa kiume, ambaye Mbagala alikuwa ananiona nikiingia amelala na nikitoka amelala, sasa anafunga ndoano mwenyewe. Anamtofautisha nonzi na mgebuka. Anajua kusema "mwakeye", salamu ya Kiha, kwa bibi wa jirani kabla hajaambiwa, na bibi huyo ndiye anayemlisha tukichelewa. Hospitalini wagonjwa ni wengi kuliko sisi, na kila anayeomba kuondoka anawaachia wenzake zamu mbili. Anayebaki anaonekana na kuheshimiwa. Mtaani kwangu watu wananijua kwa kazi yangu.

Nina ombi moja kwa viongozi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji, nao najua wanasoma gazeti hili. Ukingo wa ziwa hapa mjini unazidi kuwekewa uzio. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye maji. Naomba, kabla viwanja vyote havijagawanywa, ziachwe njia chache za umma za kufika majini, pembeni ya mialo ya biashara, ambako mtu na mwanawe wanaweza kukaa na mshipi bila kuomba ruhusa ya mlinzi wa geti. Ziwekewe kibao kinachoonyesha tarehe za kufungwa kwa ziwa na mahali pa kukata leseni. Gharama yake ni ndogo, na kwa mtumishi mgeni anayejiuliza kama abaki au aondoke, njia kama hiyo inaweza kumfanya abaki.

Wako,
Msomaji wa muda mrefu,
Mwanga, Kigoma Ujiji