Kambi ya kigeni haitaikamata kete ya stendi

Ndugu Mhariri,

Majuzi msomaji wenu mmoja aliandika kwamba dawa ya kukomesha unga, yaani dawa za kulevya, ni moja tu: Serikali iwape Wamarekani, au taifa lolote lenye meli na ndege za maana, kambi ya kijeshi pale Tanga au Mtwara, wao walinde bahari, sisi tulale. Barua ile niliisoma kwa sauti kwenye kibanda cha chai hapa Pasua, Moshi, na wenzangu karibu wote wakaiunga mkono. Naomba nafasi nimjibu, tena kwa heshima, maana uchungu wake nauona ni wa kweli.

Mambo ya jeshi siyajui. Nilikuwa utingo, baadaye dereva wa malori kati ya Mombasa, Moshi na Arusha, jumla miaka kumi na tisa. Ninachokijua ni mzigo, na namna mzigo unavyopita.

Tuanze na hiyo bahari, maana mwandishi ameongea kana kwamba iko tupu. Manowari za kigeni zimo humo siku nyingi. Kuna kikosi cha mataifa mengi chenye makao yake Bahrain, na meli zake huzunguka hadi huku kwetu. Aprili 2014 meli moja ya kikosi hicho, HMAS Darwin ya Australia, ilisimamisha jahazi nje ya pwani ya Kenya, ikakuta heroini kilo 1,032 katikati ya mifuko ya saruji. Tani nzima na ushee! Mzigo ukaharibiwa hukohuko baharini, na pengine ndugu msomaji anaiota kazi ya namna hiyo. Sasa aulize habari za mabaharia. Kwa desturi ya kikosi kile, wakishakamatwa kwenye bahari kuu huachiwa waende zao, kwa kuwa mara nyingi hakuna nchi iliyokubali kuwapokea na kuwashitaki. Nahodha anarudi pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, alikotoka, na jina la tajiri wake analo kifuani.

Maharamia wa Kisomali hawakuachiwa hivyo. Mamia walipelekwa mahakamani, Mombasa na Ushelisheli, kwa sababu nchi zilikaa zikatia sahihi: wewe ukikamata, mimi nitahukumu. Watu wa Arusha hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilikaa mjini kwao kuanzia 1995 hadi 2015, ikawahukumu waliokuwa mawaziri na wakuu wa majeshi waliokamatwa Cameroon, Kenya, Ubelgiji na kwingineko. Hatukujengewa uwanja wa ndege za kivita kwa kazi ile. Ilitakiwa sheria, mahakimu, magereza na nchi zilizokubali kukabidhi watu. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo makao yake yako palepale Arusha, mwendo wa saa moja na nusu kutoka ninapoandikia barua hii, ukiacha foleni ya Tengeru. Kama tunataka ushirikiano wa kimataifa, mlango wa kubisha ni huo.

Sasa nchi kavu. Usiku mmoja wa mvua, mpaka mmoja ambao sitautaja, nilikuwa na magunia mia tatu ya kunde chini ya turubai. Ofisa akaja na tochi ya simu, mwavuli kaubana kwa shingo. Alikuwa na bambo, kile chuma chenye mfereji ambacho hata wanunuzi wa mahindi sokoni wanacho. Akachoma magunia matatu ya nyuma, yale ambayo mkono wake uliyafikia bila kupanda, akatazama punje zilizomwagika kiganjani, akasema, "Haya dereva, pita." Sikuwa na kitu. Lakini tangu usiku ule najua kwamba gunia la nne lingeweza kuwa na chochote. Simlaumu, alikuwa peke yake, na nyuma yangu foleni ilikuwa inapiga honi. Ila nauliza: ndege ya upelelezi ikiruka futi elfu thelathini juu ya bahari, inaliona gunia la nne?

Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa. Iringa! Mji usiojua hata harufu ya dagaa wabichi wa pwani. Mzigo ule ulikamatwa na Watanzania.

Mwandishi alisema wenye kambi wanao uzoefu. Ni kweli, wanao, na uzoefu wao umeandikwa. Afghanistan ilikaliwa na majeshi ya kigeni miaka ishirini, 2001 hadi 2021. Kuna wakati Wamarekani peke yao walikuwa karibu laki moja, wana kambi, helikopta na fedha za kuzuia kilimo cha afyuni, inayotengenezewa heroini, mabilioni ya dola. Mwaka 2001, baada ya Taliban kupiga marufuku kilimo hicho, yalikuwa yamebaki mashamba ya kama hekta 8,000. Mwaka 2017, kambi zikiwa bado zipo, Umoja wa Mataifa ulihesabu hekta 328,000. Heroini inayouzwa kwenye vichochoro vyetu ilitokana na mashamba hayohayo. Siwasifu Taliban hata kidogo, na wakulima waliozuiwa tena 2022 wamebaki na njaa. Nasema tu kwamba kama kambi ingekuwa dawa, mgonjwa yule alipewa dozi kubwa kuliko wote duniani.

Wenzangu kibandani walinibishia kwa mfano wa Ekuado, nchi ya Amerika Kusini, nao si mfano wa kupuuza. Marekani ilitumia uwanja wa Manta kurusha ndege za kusaka kokeini kuanzia 1999 hadi 2009. Rais Rafael Correa akakataa kuongeza mkataba. Alisema angekubali kama Ekuado nayo ingepewa kambi Miami. (Hapo kibanda kizima kilicheka, mmoja akapendekeza jeshi letu, JWTZ, waombe kiwanja Florida, waende na pilau lao.) Miaka iliyofuata Ekuado imegeuka lango la kokeini, magenge yanachinjana magerezani. Wabishi wangu wakasema: unaona, kambi ilipoondoka mambo yaliharibika.

Sikatai kwamba yaliharibika. Lakini kokeini ya Ekuado inapita bandari ya Guayaquil, ndani ya makontena ya ndizi yaendayo Ulaya. Kontena la ndizi nalijua: halikai, likichelewa mzigo unaiva na tajiri anapata hasara, kwa hiyo kila mtu bandarini ana haraka na kila mwenye haraka ana bei. Ndege ya Manta ilikuwa inatazama mashua. Na Novemba 2025, katika ubaya wote huo, wananchi wa Ekuado walipigishwa kura kama majeshi ya kigeni yarudi. Wengi walisema hapana.

Sasa nifike kwa ndugu wawili wauza unga, Baktash na Ibrahim Akasha wa Mombasa, maana kesi yao inanipa moyo na inanitia aibu kwa pamoja. Walikamatwa Novemba 2014 baada ya wapelelezi wa Marekani kutuma watu waliojifanya wanunuzi, nao wakakabidhi kilo 99 za heroini wakidhani wanafanya biashara. Hapakuwa na kambi wala manowari. Palikuwa na mtu aliyekaa, akasikiliza, akarekodi, akafungua jalada. Huo ndio ushirikiano ninaoutaka mimi, na Wamarekani wa aina hiyo waje hata kesho, nitawapikia kiburu. Lakini Kenya kesi ya kuwapeleka New York ilizungushwa zaidi ya miaka miwili, tarehe juu ya tarehe, hadi Januari 2017 walipopandishwa ndege. Kule walikiri makosa. Baktash akapata miaka 25, Ibrahim 23. Katika kesi hiyo ikaelezwa wazi kwamba huku nyumbani walikuwa wakihonga polisi, waendesha mashitaka na mahakimu. Ndugu yangu mwenye kutaka kambi, hapo ndipo palipovuja. Ungekuwa na manowari kumi Kilindini, bado bahasha ingepita chini ya meza.

Na kambi ya wageni haiji bila gharama. Wazee wanakumbuka 1964. Wanajeshi wetu walipoasi Januari ile, Mwalimu alilazimika kuwaita Waingereza, na alisema wazi kuwa ilikuwa fedheha. Wala hakuwaacha wakae: wakaletwa Wanigeria walinde kwa miezi michache tu, na Septemba JWTZ ikaundwa. Mwaka huohuo Karume aliwaondoa Wamarekani kwenye kituo chao cha kufuatilia vyombo vya anga pale Tunguu. Jirani zetu wa Nanyuki wanaishi na kambi ya mafunzo ya Waingereza. Mwanamke mmoja aliuawa pale 2012, mwaka wa kumi na tatu ndipo mahakama ya Kenya ilipotoa hati ya kumkamata mtuhumiwa, askari wa zamani, naye alikuwa kwao Uingereza. Mambo haya huandikwa kwenye mikataba kwa herufi ndogo, nani atamshitaki nani. Sisi madereva tunazijua herufi ndogo.

Nilisema uchungu wa mwandishi nauelewa. Mtoto wa marehemu dada yangu alianza kubwia hapa Moshi akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye magofu nyuma ya stendi. Kete yenyewe niliiona kwa macho yangu: kipande cha nailoni kilichochomwa ncha kwa kiberiti, kidogo kuliko punje ya mahindi. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ikimshika alijikunja sakafuni kama mtoto mwenye tumbo la kuendesha, akiniita "Mjomba, mjomba," na mimi nimesimama mlangoni na funguo za lori mkononi. Tulisikia kuna methadone, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, Dar es Salaam, ilianza Muhimbili 2011. Wakati ule hukuweza kupewa ukaondoka nayo, uliinywa mbele ya muuguzi, kila siku, Jumapili na sikukuu. Kwa hiyo ikabidi ahame Moshi, akakae kwa shangazi yake Temeke, sebuleni, miaka mitatu na ushee. Nauli, chakula na maneno ya majirani vilikuwa juu yetu.

Sasa hivi anauza mashati ya mtumba soko la Memorial, meza ya tatu ukiingia upande wa juu. Amenenepa. Wavulana wawili aliokuwa akibwia nao tulishawazika. Anasema magofu yale bado yana watu, na anayewauzia ni yuleyule, ila sasa ana pikipiki mpya. Namba yake ya usajili anaijua kila mtu pale stendi.

Wako,
Dereva mstaafu,
Pasua, Moshi