Majilio haya, kitubio cha wavuvi kiwe siku za mbalamwezi

Ndugu Mhariri,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba nafasi niseme neno kabla Majilio, zile wiki nne za kujiandaa na Noeli, hayajaanza tarehe 30 Novemba 2025, maana yakishaanza kila mtu anakuwa na masikio ya Noeli tu.

Mimi ni mama wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma, na ni katibu wa jumuiya yetu ndogo, yaani majirani Wakatoliki tunaosali pamoja. Nyumba nyingi za jumuiya ni za wavuvi. Ukifungua daftari langu la mahudhurio, majina ya akina mama yana vema mstari mzima, ya waume zao yana matundu. Asiyeijua kazi ya huku atasema wanaume wa Kibirizi wameasi dini. Hawajaasi. Wako ziwani, au wamelala.

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia taa za betri, lakini mambo ni yaleyale: taa huwavuta dagaa vizuri usiku ukiwa na giza. Saa kumi jioni mume wangu yuko mwaloni, boti zinapotia nanga, anafunga taa na kukagua wavu. Anarudi jua limeshachomoza, ananuka ziwa na petroli, anakula ugali na kulala. Sasa kitubio cha Noeli, yaani kuungama dhambi kwa padri, mwaka jana kwetu kiliwekwa tarehe 23 na 24 Desemba, kuanzia saa tisa alasiri. Nilipanga foleni hiyo, khanga kichwani kwa ajili ya manyunyu. Mbele yangu na nyuma yangu walikuwa wanafunzi, mabibi na akina mama wenzangu. Wanaume wachache waliokuwepo ni walimu na madereva. Padri alikuwa mmoja, na giza lilipoingia wengine wakaambiwa warudi kesho yake.

Mbalamwezi ikiwaka mambo hubadilika. Dagaa wanatawanyika, taa haifui dafu, na boti hukaa nchi kavu kama wiki nzima. Wanaume wanashona nyavu, wanacheza bao, na tuseme ukweli, wengine wanakunywa. Kesi za ugomvi wa ndani ninazozisikia kwenye jumuiya nyingi ni za siku hizo. Mwaka huu mwezi mpevu ni usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 5 Desemba, wiki ya kwanza ya Majilio. Kufika tarehe 20 ni giza totoro, na hadi mkesha wenyewe watu watakuwa majini wakitafuta hela ya sikukuu. Tukirudia tena tarehe 23, tumewaacha nje tukijua.

Najua nitajibiwa kwamba anayempenda Mungu aache usiku mmoja. Usiku mmoja wa giza ni daftari na viatu vya shule vya Januari. Tena wengi si wenye boti, ni vibarua. Asipotokea leo, kesho nafasi yake ina mtu mwingine. Halafu Kanisa lenyewe limeshaliona jambo hili. Kwenye semina ya akina mama tulifundishwa kwamba Sheria ya Kanisa, kanuni ya 986, inawataka wachungaji waweke siku na saa za kuungama zinazowafaa waamini. Niliiandika nyuma ya daftari lilelile la mahudhurio.

Padri simlaumu, ana vigango, makanisa madogo ya parokia, vya kuzungukia na barabara za masika tunazijua. Ratiba inapangwa na kamati, na kwenye kamati hakuna hata mmoja anayelala ziwani. Kikao kilichopita kiliishia kwenye rangi ya kitenge cha sare za kwaya. (Kwaya nao, tunawaomba: Dominika ya tatu wasituimbie kwamba Mtoto amezaliwa. Bado!)

Dominika ya kwanza tutasomewa Matayo 24, Yesu akiwaambia wanafunzi wake wakeshe. Sijui nani Kigoma anajua kukesha kuliko watu hawa. Tarehe 7 tutasikia watu wakimwendea Yohane Mbatizaji mtoni Yordani, wakiungama dhambi zao. Na wiki hiyo ndiyo boti zetu ziko mchangani.

Ninachoomba ni kidogo. Ijumaa tarehe 5 na Jumamosi tarehe 6, kuanzia saa tatu asubuhi, padri akae kwenye kigango kilicho karibu na mwalo. Jumatatu tarehe 8, sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, tupate Misa ya jioni, kwani hata siku hiyo wengi watakuwa hawajaingia ziwani. Jumuiya nazo wiki hiyo zisali mchana, wanaume wakiwa wameamka. Mabenchi tutabeba sisi akina mama, na kupita mlango kwa mlango kuwaita wavuvi nitapita mwenyewe, nianze na wa kwangu.

Katibu wa jumuiya,
Kibirizi, Kigoma